Mzenga: Nchi ya Senti Thelathini na Tano

Ndugu msomaji, reli ya TAZARA itokayo Dar es Salaam hupita Mzenga, wilayani Kisarawe. Ukifika hapo usiipite ukisinzia. Hii ni Uzaramo, nchi ya mihogo, minazi na mikorosho, na historia yake yatueleza jinsi dola kubwa ziishivyo kwa jasho la wengine.

Jambo hilo ni la kale. Mwaka 478 kabla ya Kristo, miji mingi ya Wagiriki iliungana chini ya Athens ili kujikinga na Waajemi. Kila mji ulichangia merikebu au fedha. Mwaka 454 hazina ya umoja huo ilihamishwa kutoka kisiwa cha Delos, ikapelekwa Athens. Mchango ukageuka kodi, na mshirika akageuka mtawaliwa. Kisiwa cha Melos kilipokataa kutii, mwaka 416 wanaume wake waliuawa, wanawake na watoto wakatiwa utumwani.

Hapa Uzaramo, kodi ya namna hiyo ilikuja na pamba. Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya shuruti katika wilaya ya Dar es Salaam ya wakati ule. Kila mtu alipangiwa siku 28 za kazi kwa mwaka. Mapato yalikatwa mafungu matatu, na wakulima wote wakaachiwa fungu moja tu. Malipo ya mwaka mzima yalikuwa senti 35 kwa mtu, na baadhi yao walikataa kuzipokea. Fikiri, msomaji: jembe la mkulima lilikuwa katika pamba ya bwana, na mihogo yake ikaachiwa magugu na nguruwe mwitu.

Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza Nandete, Umatumbi, kisha vikaingia Uzaramo. Kibasila wa Kisangire, katika Kisarawe hii hii, alisimama na watu wake, na Wajerumani wakamnyonga. Hadi vita vinakoma mwaka 1907, waliokufa walikuwa 75,000 kwa makadirio ya Wajerumani wenyewe. Wako wanahistoria wanaotaja hata 300,000. Wengi waliuawa na njaa, kwa kuwa majeshi yalichoma mashamba na maghala. Mpango ule wa pamba uliachwa.

Athens ilisalimu amri mwaka 404 kabla ya Kristo. Wajerumani nao waliipoteza Dar es Salaam mwaka 1916. Jina la Kibasila lingali likitajwa kila siku, kwani ni jina la shule ya sekondari jijini humo.

Basi, ukipita Mzenga pamoja na wanao, waoneshe mashamba yale, uwasimulie habari za senti 35. Mtoto aijuaye thamani ya jasho la babu yake hatakubali kirahisi jasho lake lichukuliwe bure.