Lile kasri la Njoro: niliwapa nusu ya stori

Wasee, mnakumbuka video yangu ya kasri la Lord Egerton kule Njoro? Ndiyo iliyotazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Jana nimeifuta.

Stori mnaijua. Maurice Egerton, bwanyenye Mwingereza, alimpenda dada fulani. Akamjengea nyumba, dada akaiangalia, akasema ni ndogo kama banda la kuku. Jamaa akaanza kasri la vyumba 52, na bado akakataliwa. Basi inasemekana akapiga wanawake wote marufuku kwake. Hiyo ndiyo niliwapa, na muziki wa huzuni juu.

Kusema ukweli jumba lenyewe ni noma. Kuta za mawe yaliyochongwa, ukumbi wa dansi, kinanda kikubwa cha mabomba. Ujenzi ulianza 1938, ukaisha 1954. Mwenyewe akafariki 1958, bila mke wala mtoto. Miaka 16 ya kujenga, minne ya kukaa.

Nikamwonyesha kogo hiyo video. Akatazama kimya mpaka mwisho, akauliza, "Na hayo mawe, nani aliyabeba?"

Sikuwa na jibu. Kogo akaniambia habari za baba yake, kibarua kwenye shamba la mzungu mwingine hapa Uasin Gishu. Alivaa kipande shingoni kwenye kikebe cha chuma, na bila hicho kipande hangeweza kutoka shambani. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota wamfanyie mzungu kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndio waruhusiwe kulima kakipande kadogo ka shamba. Ardhi ambayo wengine wao waliijua kama ya babu zao.

Mimi nilifika mpaka chuo kabla sijaacha, na bado ilibidi kogo ndiye anifundishe hili.

Marekani Kusini wana majumba ya aina hii mengi, yenye nguzo nyeupe, na watu wanayafanyia harusi kama sisi tunavyofanya Njoro. Lakini kule Louisiana kuna shamba linaitwa Whitney, lilifunguliwa kama makumbusho 2014, na pale wanaosimuliwa kwanza ni watumwa. Hapa kwetu haikuitwa utumwa, sawa. Lakini sisi tunasimulia moyo wa bwana mmoja uliovunjika, na migongo iliyovunjika hatuitaji.

Sisemi kasri libomolewe. Liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa kizungu, na leo tunasoma sisi. Nendeni mlione. Pigeni picha. Ila mkifika kwenye ule ukuta, wekeni mkono kwenye jiwe moja, mjiulize swali la kogo.

Narudi Njoro Jumamosi na kamera. Kama babu yako au guka wako alifanya kazi pale, niandikie. Safari hii tuanze na yeye.