Wanamlaumu kecha bure

Najua nimepotea, TP imenibana kweli. Si mnajua shule niliyopangiwa hapa Dar wanacheza besiboli? Huu mchezo uliingia mashuleni hapa mjini miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani. Mimi mgeni nikabebeshwa timu, eti mwalimu kijana ndiye mwenye magoti. Hehe.

Basi bwana, kuna kitu kinaitwa kuiba beisi. Mkimbiaji yuko beisi ya kwanza. Pitcha akianza tu kurusha, jamaa anachomoka kwenda ya pili, wala mpira haujapigwa. Kecha, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akishadaka inabidi atupe mpaka beisi ya pili, karibu mita 39! Mwizi ana mita 27 tu, na hatua kadhaa ameshazinyemelea. (Little League, ile waliyocheza watoto wa Lugazi, Uganda, kule Marekani 2012, huruhusiwi kutoka mpaka mpira umfikie mpigaji. Sisi tunacheza sheria za wakubwa, huruma hiyo hatuna.)

Mechi moja tukaibiwa beisi saba. Wenzake wakamwita kecha "mkono wa uji". Dogo wa Form Two, mpole. Kesho yake akanirudishia kinyago: "Mwalimu, naomba nisidake tena."

Nikakaa chini nikapiga hesabu. Wanaolipwa kule Marekani, pitcha anatumia kama sekunde 1.3 toka aanze mpaka mpira umfikie kecha. Kecha naye kama 2 mpaka beisi ya pili. Jumla 3.3, na mkimbiaji mwenye mbio anatumia karibu hizo hizo. Pitcha wetu nikampima kwa simu: peke yake anakula sekunde 2, goti analipandisha kama yuko gwaride. Hapo hata umlete kecha wa kulipwa, ataibiwa tu.

Halafu alikuwa na mdundo mmoja. Anatazama, moja, mbili, anarusha. Kila siku! Wapinzani wamemkariri kama wimbo wa taifa. Nikamwambia shika mpira, mara hesabu moja, mara nne, mara geuka utupe beisi ya kwanza. Ila ukishaanza mwendo wa kumrushia mpigaji usigeuke, ni kosa, wakimbiaji wote wanapewa beisi ya bure. Goti nalo lishuke.

Kecha nikampa jambo moja tu: tupa chini, hata ukidunda mara moja poa. Mwizi anakuja kwa kuteleza, anaguswa miguuni. Mpira wa juu wa nini?

Alhamisi wameiba mbili, wa tatu akanaswa kwa mpira uliodunda. Kinyago dogo bado anacho. Kasheshe sasa wamehamia kwa pitcha, ndiye anayezomewa. Kesho naanza naye huyo, ngoja kwanza nimalizie andalio la somo.