Ruzuku, majina, na namba ya mashua

Leo tuongee kuhusu faili zinazoninyima usingizi siku hizi: orodha za wakulima na wavuvi wanaopokea ruzuku ya Umoja wa Ulaya.

Ruzuku ya kilimo hula karibu theluthi moja ya bajeti ya Umoja huo, na kwa miaka mingi raia hawakujua ni nani anayepokea nini. Denmark ilitoa orodha yake mwaka 2004. Mwaka uliofuata waandishi wa habari na wanaharakati wakaanzisha farmsubsidy.org ili kukusanya za nchi zote. Uingereza nayo ilipotoa majina mwaka huo wa 2005, humo mlikuwa na mashamba ya Malkia Elizabeth na kampuni ya sukari ya Tate & Lyle. Na watu walikuwa wakidhani pesa zile ni za kumwokoa mkulima mdogo!

Kisheria kila nchi huchapisha orodha kabla ya Mei 31, na orodha inatakiwa kukaa miaka miwili tu. Usipoipakua mapema, imeyeyuka. Ndiyo maana programu yangu ndogo hukesha ikipakua.

Kupakua si kazi. Kazi ni kujua nani ni nani. Mkulima hutambulishwa kwa jina na mji tu, basi kampuni ikiandikwa na "GmbH" mwaka huu na bila "GmbH" mwaka ujao, kompyuta inaona wakulima wawili. Wavuvi wamepangwa vizuri zaidi. Kanuni za mwaka 2014 zilitaka pesa zinazohusu mashua ziandikwe pamoja na namba ya mashua hiyo katika daftari la vyombo vya uvuvi la Ulaya. Kwa namba hiyo moja unapata urefu wa chombo, nguvu ya injini na bandari yake. Aliyelifikiria hilo nitamnunulia chai.

Nilimwonyesha mjomba wangu, mwenye ekari tatu nje ya Kitale. Yeye amesajiliwa katika mpango wa mbolea ya ruzuku, ule wa ujumbe kwenye simu, ambao bei ya gunia la kilo 50 ilishushwa Agosti 2023 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Nilidhani atasema na sisi tuchapishe majina yote. Wapi!

"Kijana, majirani wakijua nimechukua magunia sita, watakuja kukopa kabla jogoo hajawika. Lakini yule wa ekari mia tano, huyo nataka kumwona."

Mzee hajawahi kufika Luxembourg, lakini mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko huko ilikuwa imeelekea njia hiyo hiyo. Novemba 9, 2010, katika kesi iliyotoka Hessen, Ujerumani, iliamua kwamba kuanika majina ya watu binafsi bila kutofautisha kiasi wala muda ni kupita kiasi. Kanuni za 2013 zikarudisha majina, ila anayepata yuro 1,250 kwa mwaka au chini ya hapo jina lake halitajwi.

Sisi tuna kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 upande mmoja, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 upande wa pili. Mwaka 2024, ilipogunduliwa kwamba baadhi ya mbolea ya ruzuku ni bandia, kila mtu aliuliza nani aliuza nini na kwa nani. Kwangu mimi, wakulima wadogo wahesabiwe kwa wadi bila majina, wakubwa watajwe, na wanaoiuzia serikali mbolea watajwe wote, hata kwa gunia moja. Na kila mmoja awe na namba isiyobadilika, kama zile mashua.

Mzozo uliobaki nyumbani ni kikomo. Mimi nasema magunia hamsini. Mjomba anasema ishirini, na hataki kushuka wala kupanda. Nyinyi mnasemaje?