Karatasi ya Bibi na ile namba 68

Najua nimepotea. Kuna wawili wameniuliza kama nimedisko. Bado sijadisko, ila sapu moja naisikia inapiga hodi. Nilikuwa nyumbani wiki mbili, Bibi aliumwa kifua, na kuna kitu nilikifanya huko kinanisumbua mpaka leo. Ngoja niseme tu.

Bibi ana miaka 72. Alikohoa siku nne, homa kali, chakula hagusi. Hospitali wakamlaza, wakachukua damu na makohozi. Majibu ya damu yakatangulia: ESR 68, CRP 142. Pembeni ya ESR wameandika kawaida ni 0 hadi 20. Sasa mimi si ndo msomi wa ukoo, nachukua Biolojia na Kemia. Shangazi akanipa karatasi: "Haya mwalimu, tusomee." Nikaangalia ile 68, nikasema kwa sauti ya kilekchara kabisa, "Shangazi, hii inaonekana ni TB."

Jioni ile shangazi akatenga kikombe cha Bibi, kile cha bati chenye maua. Akafunga uzi mwekundu mkononi mwake kisije kikachanganyika. Watoto wakakatazwa kwenda wodini. Na mimi najua kabisa TB inaenda kwa hewa, haiendi kwa kikombe. Nilinyamaza. Ningeanzaje kujirekebisha nusu saa baada ya kujifanya daktari?

Nilikuja kukaa chini kuisoma ESR vizuri nikiwa nimeshachelewa. Wanaweka damu kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, wanasubiri saa moja, wanapima chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukiwa unapigana na kitu, protini kama fibrinojeni zinaongezeka kwenye damu, chembe zinashikana kama sahani zilizopangwa kabatini, zinakuwa nzito na kushuka haraka. Basi. Hakiulizi unapigana na nani. Inaweza kuwa TB, nimonia, hata baridi yabisi ya magoti. Upungufu wa damu nao unaipandisha, na uzee pia. Kuna hesabu moja rahisi: mwanamke, chukua umri, jumlisha 10, gawa kwa 2. Kwa Bibi inakuja 41, siyo ile 20 ya kwenye karatasi. Bado 68 ni juu, lakini siyo juu ya kumfungia mtu kikombe uzi.

Halafu kumbe hofu yangu ina ukoo wake. Alf Westergren, daktari wa Sweden ambaye njia yake ndiyo inatumika mpaka leo, aliandika kuhusu kipimo hiki mwaka 1921 kwa wagonjwa wa TB ya mapafu. Ila hao ugonjwa wao ulikuwa unajulikana tayari.

CRP ndo imenifurahisha zaidi. Mwaka 1930 kule New York, William Tillett na Thomas Francis walikuta damu ya wagonjwa wa nimonia inagandana na kitu walichokitoa kwenye bakteria wa nimonia, wakakiita C. Mgonjwa akipona, ile hali inapotea. Protini yenyewe inatengenezwa na ini, inapanda ndani ya saa chache, na chanzo kikizimwa inapungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Nayo haitaji jina la ugonjwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali itumike kuchuja TB kwa wanaoishi na VVU, ikizidi 5. Kuchuja, yaani huyu apimwe zaidi. Siyo kumhukumu.

Makohozi yakarudi: hakuna TB. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia, pafu la kulia chini. Siku ya tano ya dozi wakarudia damu. CRP 31. ESR je? 70! Shangazi akashika kichwa, "Imepanda!" Daktari, kijana tu, akacheka taratibu. "Mama, ESR inachelewa kupanda na inachelewa kushuka, inaweza kuchukua wiki. Mwangalie mgonjwa." Tukageuka. Bibi alikuwa anamenya ndizi na kumsengenya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Siku ya kurudi nyumbani niliwahi jikoni kuukata ule uzi, nikakuta kikombe hakipo. Bibi alikuwa nacho barazani, anakigeuzageuza.

"Nani kakifunga hiki?"

"Shangazi, Bibi. Lakini mimi ndo nilimwambia una TB."

Akanyamaza. Kisha akanipa kikombe. "Kaniletee chai. Na wewe utakunywa humuhumu."

Nikanywa. Uzi hakunitolea, na mimi sikuthubutu kuugusa.

Haya, UE ya Fizikolojia ni Jumatatu. Mwenye noti za damu anipe, tafadhali.