Mita 86 za Baba

Siku hizi wimbo hauonekani. Uko kwenye simu, basi. Sisi tuliokulia Eastlands miaka ya tisini muziki tuliuona kwa macho: tepu ya kaseti iliyokatika, imenasa kwenye waya za stima, inapepea na kumeremeta. Wenzangu waliitafuta waifanye mkia wa kishada. Mimi niliinua kipande juani nikijiuliza, sauti imejificha wapi humu?

Nimekuwa msanii na swali bado liko. Jibu la fundi ni rahisi: ile rangi ya kahawia ni chembe za oksidi ya chuma, na sauti ni jinsi zilivyopangwa kisumaku. Mimi nilishikwa na vipimo. Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hivyo dakika 30 za upande mmoja ni karibu mita 86. Tena upande A na B haziko mbele na nyuma ya tepu. Ziko bega kwa bega, kila moja ikielekea kwake, kwenye upana usiofika milimita 4.

Nikaamua kujaza chumba. Instolesheni, yaani kazi unayoingia ndani yake badala ya kuitazama ukutani. Kaseti kuukuu nilizipata Gikomba. Ilibaki moja tu, na ilikuwa kwa mathe.

Baba alifanya kazi bandarini Mombasa. Alijirekodi upande A, akampa kondakta wa basi. Sisi tulimjibu upande B, tukairudisha. Hii ya mwisho haikurudi. Alifariki kabla hatujaituma.

Nilikuwa nishaihamishia kwenye laptopu, lakini mathe hakutaka kusikia. “Hiyo ni kopi. Hii aliishika.” Alininyima wiki tatu. Kisha akaileta mwenyewe, na sharti moja: isikatwe.

Nikaitandaza nzima, usawa wa kifua, ikizunguka chumba kuanzia mlangoni. Spika sikuweka.

Siku ya ufunguzi mathe hakuuliza kazi inamaanisha nini. Aliuliza, “Pale ninapocheka ni wapi?”

Dakika ya 12 ya upande wetu, mita 34 kutoka mlangoni. Tulitembea hadi hapo, akaishika tepu kwa vidole viwili. Hapo hapo, kandokando ya kicheko chake, ni dakika ya 18 ya baba. Anaulizia karo.