Mzio wa Watoto: Swali Lilivyogeuka

Nilipoanza kusoma habari za mzio wa watoto, fundisho lilikuwa moja: epuka. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba mtoto aliyezaliwa katika familia yenye mzio asionjeshwe karanga mpaka atimize miaka 3. Wazazi walitii, na bado mzio wa karanga ukazidi kuenea. Mwaka 2008 ushauri huo uliondolewa kwa kukosa ushahidi, wazazi wakabaki njia panda.

Kisha mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa London walitoa matokeo ya utafiti wa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Miongoni mwa waliolishwa karanga tangu wakiwa wachanga, takriban 3 kati ya kila 100 walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka 5. Kwa walioepushwa, walikuwa 17. Wiki ile maabarani kwetu hatukuzungumza jingine.

Wakati huo nilikuwa Marekani kwa utafiti wa baada ya shahada ya uzamivu, nikihangaika na swali jirani: kwa nini watoto wawili wanywe maziwa yale yale ya ng'ombe, mmoja anawiri na mwenzake avimbe midomo? Jibu tulilitafuta kwenye nepi, miongoni mwa bakteria wa utumboni. Vinyesi vya watoto vilihifadhiwa kwenye friji la nyuzi 80 chini ya sifuri. Panya wetu walizaliwa na kukulia ndani ya vizimba vya plastiki visivyopenyeza kijidudu hata kimoja, nasi tuliwashika kwa kuingiza mikono kwenye glovu ndefu za mpira zilizounganishwa na ukuta wa kizimba. Panya hupandikizwa bakteria wa mtoto fulani, hupewa protini ya maziwa, kisha hupimwa joto. Mwenye mzio hupoa ghafla. Hujikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, huku namba za kipimajoto zikishuka.

Cathryn Nagler wa Chuo Kikuu cha Chicago alikwisha kuonyesha mwaka 2014 kwamba bakteria wa kundi la Klostridia huchochea kinga ya mwili kuimarisha ukuta wa utumbo, ili protini za chakula zisivuje ovyo kuingia kwenye damu. Mwaka 2019, pamoja na wenzake wa Naples, alithibitisha kwamba panya waliopandikizwa bakteria wa watoto wenye afya walikingika na mzio wa maziwa. Waliopandikizwa bakteria wa watoto wenye mzio hawakukingika.

Tangu hapo, nikimwona mtoto mwenye mzio, siulizi tena amekula nini tu. Nauliza amepungukiwa na nani tumboni, na nini kiliwafukuza. Mshukiwa mmoja ni antibayotiki, na dokezo linatoka kwa pumu, ambayo mara nyingi huandamana na mzio. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, madaktari walipopunguza kuwaandikia wachanga antibayotiki kati ya mwaka 2000 na 2014, pumu mpya kwa watoto wa miaka 1 hadi 4 ilipungua kwa asilimia 26. Watoto wenye bakteria wa aina nyingi utumboni walikuwa na hatari ndogo zaidi ya pumu.

Ndiyo maana huumia ninapoona kichanga mwenye mafua akinunuliwa antibayotiki duka la dawa bila cheti cha daktari. Mtoto mwenye nimonia apewe dawa hizo bila kuchelewa, kwani zinaweza kumwokoa. Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haiviui; inachoua ni walinzi ambao mtoto huyo ndiyo kwanza anaanza kuwapata.