Mti Mkavu wa Miombo

"Mjomba, umeshakufa huu, unautunzia nini?" Mpwa wangu alikuwa ameshika chenso, na myombo wenyewe ulikuwa mkavu kweli, gome limebanduka. Kijana amezaliwa Chunya, hajui mti mkavu ni nyumba ya nani.

Mimi nilifundishwa na mzee aliyekuwa fundi wa matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta, kwenye maduara ya dhahabu ya Makongolosi. Kwa kumbukumbu yangu ilikuwa 1979. Dada anashikilia 1981. Tuyaache. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na magogo yalinuka udongo na gome bichi, na kwa mbali utamu kama wa pombe changa. Mzee hakukata timba kabla ya kuugonga mti kwa mgongo wa shoka na kusikiliza. Akiona uyoga wa mamama umeota ubavuni, anapita: ukiuona nje, alisema, ndani umeshakula. Sisi watoto tulimlaumu kigong'ota kwa kuua miti. Mzee alikataa kabisa. Ndege ana kelele, lakini hupenda kutoboa pale kuvu alipokwisha kulainisha. Kisha aliuchuma ule mamama, akaufunga kwenye kitambaa, na jioni mkewe akaupika kwa karanga. Mti usiofaa duarani ulikuwa mboga.

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba aina moja ya kigong'ota hubeba kuvu hadi kwenye mashimo anayochimba. Kumbe ndege naye hupanda kuvu! Natamani mzee angeyasikia haya. Kuvu hulirudisha gogo udongoni. Ndege huacha shimo, na shimo la zamani hupata wapangaji. Mlembe, anayewaongoza warina asali wetu, hutaga kwenye viota vya ndege wa mashimoni.

Tangu siku za mzee mambo yalikwenda mbio: tumbaku ikapanuka, mabani ya kuikaushia yakadai kuni, mkaa ukashuka Mbeya, lami ikafika. Mti mkavu ndio unaobebwa kwanza, tena watu husema wanasafisha msitu. Inaniudhi. Wakulima wanahimizwa kupanda miti, nami naunga mkono, lakini mikaratusi ya kuni hukatwa ingali michanga, kabla ya kufikia umri wa kuoza. Anayefyeka shamba aache miombo miwili mitatu iliyokufa ikiwa imesimama. Sheria ndogo ya kijiji ingetosha.